Samaki Chini ya Majani ya Migomba

Butembo, mwezi wa kenda, tarehe 3, mwaka 2000, Jumapili. Siku ya Mungu

Eliane, kama ni weye unasoma hii, kaa chini kwanza na usikie haya. Ulisema unaenda Mombasa kusoma mambo ya samaki ya bahari, na utarudia mvua ikiisha. Ni mvua gani hiyo isiyoisha? Vita iko, najua, siko kipofu. Mais, lakini Ramazani anapita kila juma na kamiyo yake, ile lori ya mizigo, Beni na Butembo, Butembo na Beni, na risasi inamukosa. Weye unaogopa nini? Shangazi yako alizaa, hukukuja. Mbuzi niliyokuwekea ilizeeka, tukaikula. Ilikuwa ngumu sana, na ni weye ulistahili kuitafuna.

Sasa sikia. Mimi Kahambu, mukaka yako, ni kusema nyanya yako, sikuingia masomo hata siku moja, unajua. Herufi nilifundishwa na bamama ku baraza ya kanisa, kisha ya weye kuenda, tukiandika na makaa. Basi kama neno imepinda, inyooshe mwenyewe mu kichwa yako na uendelee. Ninaandika juu ya hii: mambo iko mingi na kinywa changu kitayasahau mbele ya weye kufika.

Jambo ya kwanza: niko na mutoto mu nyumba. Ni Shalom, binti ya Gracieuse, ule mutoto wa marehemu dada yangu, wa kijiji cha Mavivi. Basoda, wale askari wa bunduki, waliingia kule. Gracieuse alivunjika muguu akikimbia, yuko ku hospitali Beni, na mutoto akamupakia mu kamiyo ya Ramazani. Alishuka hapa kama furushi ya nguo. Ana miaka ine, mais ukimubeba ni kama wa miwili. Miguu imevimba, nywele imegeuka nyekundu kama nywele ya muhindi wa shamba, na hasemi neno hata moja. Ni bwaki, ile ugonjwa ya kukosa chakula cha nguvu. Muganga alibonyeza muguu yake na kidole kikaacha shimo. Akaniambia: "Mama Kahambu, dawa sina. Dawa yake ni samaki, kila siku kidogo kidogo. Akimaliza hii mvua bila kukua, ile ya kufuata hataiona."

Samaki! Nikacheka karibu nianguke mbele yake. Si niko na étang, bwawa yangu ya samaki?

Tarehe 6

Mvua. Shalom alikula mukono moja ya bugali, akatapika yote.

Tarehe 10

Unakumbuka étang yangu, ile shimo kubwa ya maji mu bonde, nyuma ya miti ya eucalyptus. Mvua ya mbele, ile ilipita, niliweka ndani tusamaki twa tilapia, kila moja kama ukucha. Kisha basoda walikuja kwa jirani Henri, wakatupa grenade, bomu ya mukono, mu étang yake. Samaki zote zilipanda juu, tumbo ku mbingu. Kubwa walichukua, ndogo zikaoza, na Henri alilia kama mutoto.

Mimi nikasema hapana, yangu hawataiona. Nikaweka miti juu ya maji, nikapanga majani ya migomba juu ya miti, na juu ya majani nikatupa mabua ya maharagi. Mutu akisimama ku barabara anaona takataka ya shamba tu. Hata Henri alipita hapo akaniuliza étang ilienda wapi. Nilijisifu siku nzima.

Leo nikaingiza kikapo chini ya majani, nichukulie Shalom samaki. Zimetoka ndefu kama kidole. Kidole, Eliane! Ninazikulisha tangu mvua ya mbele. Umri wake zingejaa mukono. Nikazirudisha.

Na Shalom nimemuweka chumba cha nyuma, kile cha magunia, dirisha nimefunga. Akisikia kamiyo anajikojolea. Hapo ndani hakuna wa kumuona.

Nimemufunga kakamba keusi mu kiuno, vile mama yangu alinifunga mimi. Sasa kakamba kanazunguka wazi, kanaanguka mpaka ku mapaja. Siku katakaza, nitajua amekua.

Tarehe 17. Siku ya Mungu

Diacre Zorobabel, shemasi wetu, alikuja na muke wake kuomba na sisi, na akaona kakamba.

"Mama Kahambu! Hirizi, mu nyumba ya mukristo?"

"Ni mizani."

"Mizani ya nini?"

"Ya tumbo. Yako ya tumbo ni mukanda, na naona umefika ku tundu ya mwisho."

Bibi yake akachekea mu kitenge. Yeye akasema atapeleka neno hii mbele ya wazee wa kanisa. Nikamujibu apeleke, mais akirudia alete maharagi. Alienda bila kunywa chai. Mutu mugumu huyu, kama mbuzi yako.

Tarehe 24

Ramazani alinishushia gunia ya pumba ya mupunga kutoka Beni. Habari ya Gracieuse ni nzuri, mufupa unashikana. Nikamuonyesha samaki zangu. Akainama, akaangalia, akasimama.

"Mukaka, mimi nafunga mwezi moja na watu wote wananihurumia. Samaki yako inafunga mwaka muzima!"

"Hapana kufunga, inakula kushinda weye."

"Basi chakula inaenda wapi?"

Hiyo njo jambo nataka kujua. Nilimwaga nusu ya gunia mara moja. Zikule mpaka zipasuke.

Tarehe 28

Nilikosea. Pumba imeoza chini, maji inanuka kama shimo ya choo, na samaki zinapanda juu kufungua kinywa. Nimechota uchafu mpaka mugongo inakataa kunyooka.

Mwezi wa kumi, tarehe 2

Mvua. Shalom hivyo hivyo. Kakamba hivyo hivyo. Sitaki kuandika.

Tarehe 5

Miguu yake imevimba zaidi. Nilimupa mayai ya mwisho. Nilisali vibaya leo, na sauti, na Nyamuhanga, Mungu wetu, alisikia vile nilisema, sitaandika.

Tarehe 8

Leo kaa vizuri, iko murefu.

Mvua ya jana ilipitia mu manyasi ya nyumba, mukeka ya Shalom ikalowa. Asubui jua ilitoka kali, ile jua ya kisha mvua. Nikasema nitaanika mukeka, na mutoto je? Nikamubeba mpaka ku bonde, nikamuweka karibu na kashimo ka maji, kale kadogo ka juu, pahali ninafulia nguo. Tangu alishuka ku kamiyo hakuona jua vile. Alikunja macho kama mutoto wa paka.

Ile kashimo, mvua ya mbele nilikuwa nimetupa ndani tusamaki tulikuwa tumebakia, tule twa mwisho mu ndoo, nikafikiri tutakufa tu. Sikutupatia chakula hata siku moja. Sikukafunika, juu ni nani atatupa grenade mu maji ya kufulia?

Niko natandika mukeka, nikasikia mu mugongo sauti kadogo:

"Mukaka. Mukubwa."

Nikageuka. Hakuna mutu. Shalom tu, kidole ndani ya maji. Eliane, niliacha mukeka ikaanguka mu matope. Mutoto alisema! Nikapiga magoti kando yake nione ni nini mukubwa. Mu maji kulipita mugongo ya samaki, mupana, mweusi, kama mukono wangu na kupita.

Nikakimbia kuleta kikapo. Nikatoa moja hapo, nikaenda kutoa moja ku étang chini ya majani, nikazilaza mbili ku jani moja. Mama moja, ndoo moja, siku moja. Ile ya kula pumba ni kidole. Ile ya kula bure ni mukono muzima.

Nikakaa chini. Hapo njo sauti yako ilinirudilia. Mara ya mwisho ulikuwa hapa, unaparua samaki ya chumvi ku moto wangu, unasema, unasema, na mimi nilikuwa nawaza chumvi tu. Ulisema mu kichwa ya samaki ya bahari kuko kitu kadogo kama mbegu ya ulezi, na hiyo njo inasikia mwangaza. Siku zikirefuka kule kwao na maji ikipata joto, kitu hiyo inatuma neno mu damu mpaka ku ini, na ini inatuma neno ku nyama na ku mifupa: mukue! Siku zikifupika na baridi ikiingia, neno inapunguka, na samaki inakaa vile iko, inangojea tu, hata ukiipatia chakula. Nikakuuliza kama kichwa ni chef na ini ni kapita, musimamizi wake. Ukacheka, ukasema njo vile. Nikakuuliza tena, hapa kwetu muchana na usiku zinalingana mwaka yote, samaki yetu itahesabu nini? Ukasema yetu haihesabu siku, inasikia joto na mwangaza ya maji, na majani mabichi madogo ya mu maji yanayoota na jua. Na woga, ulisema. Samaki ikiogopa sana, woga inakata neno mu njia.

Basi mimi mukaka yako niliwawekea usiku wa mwaka muzima. Baridi ya Butembo haikunitosha, nikaongeza giza.

Ngoja, haijaisha. Ile kubwa ya kashimo ilikuwa mama. Nikiishika, ikatema batoto mu kiganja changu, tudogo, tunarukaruka kama mutama mu kikaango. Hiyo tilapia inabeba batoto mu kinywa ikiona hatari. Na wakati inabeba, haikuli. Kichwa inabakia kubwa, mwili inakauka. Nikaangalia ule mama, nikaangalia Shalom na kakamba kake ku mapaja. Mimi pia nimemubeba mu kinywa. Nimemufungia mu magunia nikisema namuchunga.

Mama na batoto niliwarudisha. Nikatoa dume moja, nikapika mchuzi bila pilipili. Shalom alikula, akaomba tena. Hakutapika.

Tarehe 9

Kashimo iko na samaki kadogo tu, zitaisha mbele ya mvua kuisha. Lazima étang ikue. Nikiifunua, basoda. Nikiifunika, Shalom. Nimetembea bonde nzima nikisema peke yangu. Henri aliniona akaniuliza kama niko muzima. Nikamujibu aende kwao.

Tarehe 15. Siku ya Mungu

Nimepata! Nilipata mu kanisa, wakati wa matangazo, sifichi kitu, nilikuwa nasinzia. Diacre alisema bakristo wapya bangali wanangoja ubatizo, kwa sababu ku muto hakuna wa kushuka, watu wa bunduki wamejaa ngambo zote mbili. Na weye unajua sisi: hatunyunyizii mutu, tunamuzamisha mpaka nywele.

Kisha ya ibada nikamushika Zorobabel ku koti.

"Diacre, maji iko kwangu. Inafika ku kifua."

"Kwako wapi? Kwako kuko takataka."

"Chini ya takataka."

Alikuja, nikanyanyua majani, akaona. Alifurahi, kisha akakumbuka kwamba yeye ni diacre.

"Maji ya Mungu haiwezi kukaa pamoja na hirizi. Kata kakamba."

"Kakamba hakakatwi mbele ya kukaza. Kakikaza, weye mwenyewe utakuja kukakata, na mbele ya wazee wako wote."

"Na kasipokaza?"

Akaweka macho chini. Kisha akasema, pole pole, vile sikumusikia kusema mbele: "Katakaza, mama. Siku ya Mungu ya mwisho ya mwezi tutabatiza hapa."

Sikumuambia jambo ya basoda. Alijua, si mujinga. Alisema yeye mwenyewe: "Watu wengi pa maji, ni muzuri."

Tarehe 16

Nimefunua. Majani yote, miti yote. Maji ilikuwa nyeusi kama kahawa, na samaki zilikimbilia chini, zinaogopa mbingu. Shalom alikaa ku ukingo, akasema: "Hapana ogopa." Kwa samaki, si kwangu.

Tarehe 21

Jua asubui, mvua magaribi. Maji inaanza rangi ya kijani. Dirisha ya chumba cha magunia nimeng'oa kabisa, nimechemushia nayo maharagi.

Tarehe 29. Siku ya ubatizo

Bonde ilijaa watu. Nguo nyeupe kila pahali, hata ile ilikuwa ya njano walisema ni nyeupe. Zorobabel alisimama mu maji mpaka ku kifua, na tumbo yake ilisaidia maji kupanda. Wa kwanza walizama vizuri. Kisha akaingia Salomon muchinjaji, mutu mukubwa, na mbele hajazamishwa akapiga kelele: "Diacre! Shetani ananiuma kidole cha muguu!"

"Ni tilapia," nikamuitikia. "Simama, iko inakusafisha."

Tulicheka, na kicheko ilikuwa bado mu vinywa tukasikia kamiyo ku barabara. Ikasimama. Basoda wakashuka mu njia ya bonde, commandant mbele, na grenade mu mukono kama mutu anabeba ndimu. Alikuja kwa samaki. Watu wote walielewa. Wimbo ukafa.

Shalom alinishika shingo. Nilisikia maji ya moto ku nguo yangu, akijikojolea. Mais hakufunga macho.

"Tokeni mu maji," commandant akasema.

Zorobabel alikuwa ameshika Salomon nyuma ya shingo. Niliona macho yake inatafuta njia ya kutoka. Nilijisemea, sasa huyu atakimbia, na mimi nitamucheka mpaka kufa. Hakukimbia. Alisema:

"Commandant, nisamehe. Huyu hajazama bado. Haiwezekani kuacha mutu nusu."

Nami nikaingia. Hapana juu ya ushujaa, Eliane, usiniandikie sifa. Miguu ilikataa kusimama pahali, basi niliona heri itembee. Niliingia na nguo yangu ya ibada na Shalom ku kiuno. Bibi ya Zorobabel akaingia nyuma yangu. Kisha Henri. Kisha bamama wote, wale walibatizwa mwaka jana na wale walibatizwa wakati wa Wabelgiji, na viatu vyao mukononi, mpaka étang ilijaa kama soko, mpaka hakukuwa pahali pa kutupa hata jiwe bila kupiga kichwa ya mama fulani. Na mutu moja, sijui nani, alianza wimbo tena pale ulikuwa umekatika.

Commandant aliangalia. Nyuma yake musoda moja, kijana bado, midomo yake ilikuwa inafuata wimbo, aliujua. Alivua kofia polepole. Commandant akageuka akaona ile kofia mukononi. Kisha akatema mate kando.

"Mayi ya Nzambe," akasema. Maji ya Mungu. Akaweka grenade mu mufuko.

Walipanda kwangu, wakachukua kuku wawili na mukungu ya ndizi. Wakule, watapata kiu.

Zorobabel akamuzamisha Salomon mara mbili. Alisema ya kwanza alikuwa amesahau maneno.

Mwezi wa kumi na moja, tarehe 7

Mvua. Shalom anakula.

Tarehe 12

Basoda wanapita ku barabara, hawashuki bonde. Watu wanasema mutu akitupa grenade mu ile maji, mukono utakauka. Si mimi nilianzisha hiyo maneno. Sikuikatalia pia.

Tarehe 19

Nilitoa samaki ku étang: imepita kidole, inaelekea mukono. Madume yanatangulia, bamama wanafuata nyuma juu ya batoto mu kinywa. Pumba napatia konzi moja tu, wakati jua iko juu. Muguu ya Shalom nilibonyeza: shimo inarudia haraka. Ku muzizi ya nywele kuko weusi. Kadogo, kama kivuli, mais niliona.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 3. Siku ya Mungu

Kakamba kamekaza. Nilijaribu kuingiza kidole, hakikuingia. Nikajaribu tena juu sikujiamini. Shalom akasema, "Mukaka, unaniuma!"

Nikamubeba mpaka kanisa, mbele ya wazee wote, nikamupandisha ku benchi, nikainua nguo.

"Diacre, kuja ufanye kazi yako."

Zorobabel alitoa kisu chake kadogo. Alileta ngojera yote ya hirizi mu kichwa, niliona ku uso, ilikuwa tayari. Akaingiza kidole chini ya kakamba, kikashindwa. Akabakia hapo, kidole chake ku tumbo ya mutoto, na ngojera haikutoka. Alikata. Kisha akashika kakamba mukononi, hakukatupa.

"Mama Kahambu," akasema, "uko na uzi ingine? Ndefu kidogo kushinda hii?"

Nilikuwa nayo mu kitambaa. Alifunga yeye mwenyewe, na akafunga vibaya. Nikaacha hivyo.

Tarehe 17

Ramazani alifika na kamiyo, na juu ya magunia Gracieuse, na fimbo mbili. Shalom alikuwa ku étang anatupa pumba, akiimba, na nywele yake nyeusi mpaka nusu. Gracieuse akamuangalia, akamuangalia, kisha akaniuliza:

"Mukaka, huyu mutoto ni wa nani?"

Shalom alijibu. Alikimbia, na fimbo zote mbili zikaanguka mu matope, na Ramazani akasema jua imemuingia mu macho, anapangusa.

Magaribi, Ramazani akiisha kufungua mfungo, tulikula samaki ya étang, moja kwa kila mutu, kila moja imejaa mukono. Mifupa tulimurudishia Ramazani kwa utani, tukamuambia ni deni ya pumba. Muganga alipita kuonja, akambonyeza Shalom muguu, akasahau kunisalimia.

Sasa weye, Eliane. Hii mvua imeisha, nimekuonyesha mwisho yake, hakuna tena udhuru. Ukikuja, usilete samaki ya chumvi; ya hapa inatosha. Leta uzi mweusi, murefu, wa mutu mukubwa. Na usifike magaribi na kichwa chini kama mwizi. Kuja muchana, jua ikiwa juu, upitie bonde, usimame ku ukingo ya étang mbele hujanisalimia, tukuone vizuri. Nitakufunga huo uzi mu kiuno mbele ya watu wote, na diacre akiwa hapo, tujue kama kule kwenu ku bahari weye pia ulikuwa unakua.